Msimsukume Saadiya

Kuna mtu kanisani kwetu anayependa kumtaja Saadiya kila akitaka kufundisha watu subira. Husimama pale mbele, akapangusa uso kwa kitambaa, akasema kulikuwa na dada mmoja Mwislamu hapa hapa Voi, miguu yake haikufanya kazi, lakini hakunung'unika hata siku moja. Mimi huinuka nikatoka nje. Watu hudhani naenda msalani. Natoka kwa sababu nikikaa nitamkatiza, na nikimkatiza nitasema maneno ambayo hayasemwi kanisani. Saadiya alinung'unika asubuhi na jioni, na alikuwa na kila sababu. Subira hakuwa nayo hata ya kungoja chai ipoe.

Mimi ni Ajiambo. Baba yangu alikuwa mtu wa reli, ndiyo maana tulihamia Voi kutoka Busia nikiwa bado mtoto, na nyumba yetu ilitazamana na ya kina Saadiya, upande wa chini wa reli. Tulikua pamoja. Polio ilimpata kabla sijamjua. Ndani ya nyumba alitembea kwa mikono, kandambili akizivaa viganjani, na alikuwa mwepesi: ukiacha maandazi mezani ukageuka, umeshayakosa. Lakini nje hakutoka hivyo. Mama yake, Bi Firdaus, alimkataza tangu utotoni. Mtoto wa watu hatambai barabarani watu wakamtazama, alisema, na hilo likawa limekwisha. Kwa hivyo nje alibebwa, na alipokuwa mzito kubebwa akasukumwa, kwa kiti cha magurudumu au kwa mkokoteni wa maji, chochote kilichopatikana.

Wewe unayesoma pengine hujawahi kusukumwa. Mtu anakuja kwa nyuma. Humwoni, hujui ni nani, hakusalimii. Unahisi tu kiti kinaondoka na wewe uko ndani. Siku moja mwanamume asiyemjua alimchukua Saadiya nje ya posta akamvusha barabara, akamwacha upande wa pili, akamwambia Mungu akubariki. Saadiya hakuwa anavuka. Alikuwa anamngojea nduguye atoke posta. Alikaa pale kwenye jua hadi nduguye alipomwona, na jioni aliponihadithia hasira ilikuwa bado haijamtoka. Mimi nilicheka, naye hakunisemesha hadi kesho yake.

Kazi yake ilikuwa kushona. Mabuibui, sare za shule, mapazia ya wanaoposwa. Cherehani yake ilikuwa ya mkono, aliinunua mwenyewe, na mshono wake ulijulikana hadi Mwatate. Lakini waliomjua yeye walikuwa wachache. Marehemu baba yao aliacha kibanda sokoni, na kaka yake mkubwa, Amin, alikifanya ghala la vitunguu anavyoletewa kutoka Mata. Mtu akitaka nguo alikwenda kwa Amin pale kibandani, Amin akampima kwa macho, akaleta kitambaa nyumbani na maneno ya kukisia. Nguo ikibana, lawama ni za Saadiya. Ikipendeza, watu walisema kwa Amin kunashonwa vizuri. Hivyo hivyo: kwa Amin.

Saadiya alikitaka kibanda kile. Alitaka akae mlangoni na cherehani yake, mteja aje, ampime yeye, abishane naye yeye. Alimwambia kaka yake mara nyingi, na jibu lilikuwa moja: utafikaje, nani wa kukusukuma kila siku? Siku moja, mbele ya mama yao na mbele yangu, Saadiya alimuuliza, je, nikifika mwenyewe?

Amin alicheka. Si mtu mbaya, Amin, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi, maana mtu mbaya ungemchukia ukapumzika.

"Siku utakayofika hadi mlango wa kibanda bila mkono wa mtu," alisema, "ufunguo ni wako. Na vitunguu nitaviondoa."

Alisema hivyo kwa sababu kati ya nyumba zetu na soko kuna tuta la reli. Njia inapanda kwenye mchanga hadi kivukoni, inavuka vyuma, halafu inateremka upande wa pili hadi sokoni. Mchanga ule humeza gurudumu lolote. Kiti cha kusukumwa kwa mikono kilikwama hata kabla ya kuanza kupanda.

Baiskeli ya betri ilikuja mwaka mmoja kabla ya zile mvua za El Nino. Shirika fulani la msaada lilileta chache pwani, na moja ikaandikwa jina la Saadiya. Ilikuwa na magurudumu matatu, kiti kipana, betri mbili nzito nyuma, mota kwenye ekseli, na aksela ya kusokota kwa mkono. Mtaa mzima ulikuja kuitazama. Bwana wa shirika alivaa kofia, akaeleza kila kitu vizuri sana, na alimweleza Amin. Saadiya ameketi juu ya chombo chenyewe, mkono uko kwenye aksela, na bwana anamtazama Amin. Alimwambia Amin kwamba kasi na nguvu zimepunguzwa makusudi hadi kiwango cha watu wa hali yake, wasije wakajiumiza. Alimwambia Amin kwamba hakuna anayeruhusiwa kugusa chochote isipokuwa fundi wao wa Mombasa, ambaye angepita akipata nafasi. Fundi huyo hakupata nafasi hata leo.

"Na mimi je?" Saadiya aliuliza. "Niliyekaa hapa waniona?"

Bwana alitabasamu akampigapiga begani.

Mara ya kwanza kwenye tuta ilikuwa aibu. Baiskeli ilikwenda uzuri kwenye njia ya tambarare, ikaanza kupanda, ikafika kama nusu, mota ikanguruma, kisha kimya. Ilikuwa imejizima yenyewe. Na Amin alikuwa nyuma, mkono ameshauweka kwenye kiti kabla hata haijasimama. Alikuwa ameungojea wakati ule. Alimsukuma hadi juu akipiga mluzi.

Chini ya kiti kulikuwa na kisanduku cheusi, kama nusu mkate kwa ukubwa. Wenyewe walikiita kontrola. Betri ndiyo yenye nguvu, mota ndiyo inayoitaka, na kontrola ndiyo inayoamua mota ipewe kiasi gani. Ubavuni pana kifuniko cha mpira, na ukikibandua unaona skrubu nne ndogo za shaba. Moja ni ya mwendo, isikimbie kupita kiasi. Moja ni ya nguvu, mota ivute umeme mwingi au kidogo. Moja ni ya kuondoka, ianze kwa pole au kwa kurupuka. Ya nne ni ya kurudi nyuma. Tulilijua hili kutoka kwa binamu yao, Fuad, fundi wa redio, ambaye alikibandua kifuniko siku ile ile bila kuomba ruhusa ya mtu.

Fuad alikuwa na njia moja tu ya kutengeneza vitu, nayo ni kukaza hadi mwisho. Alizizungusha zote nne kwa mara moja, akasimama kando, akasema haya sasa jaribu. Saadiya aligusa aksela. Baiskeli iliruka, ikamtupa nyuma ya kiti, ikaenda ikajitia kwenye ua wa miiba wa kina Mwanzia, na pale ikafa. Tulimtoa mwiba mmoja mmoja. Kilichokuwa kimekatika ni fyuzi, waya mwembamba unaokatika ili vingine vipone. Fuad alipoona hivyo alitoa kutoka mfukoni kipande cha waya mnene wa shaba na kusema akikiweka hiki badala ya fyuzi, hautakatika tena.

"Hautakatika," Saadiya alisema, akijichomoa mwiba shingoni. "Kitaungua kisanduku badala yake. Toka kwangu, Fuad. Na hiyo bisibisi niachie."

Aliipata bisibisi, na tangu siku hiyo hakuna mwingine aliyegusa zile skrubu.

Alivyofanya kazi yake ndivyo ninavyotaka watu wamkumbuke, si kwa subira. Alisema cherehani ikikata uzi, fundi mjinga hukaza hapa akalegeza pale, mwishowe hajui kilichoharibu wala kilichotengeneza. Mwenye akili hugusa skrubu moja, kidogo, halafu hushona kipande cha kitambaa kibovu akautazama mshono. Basi akarudisha skrubu zote zilipokuwa mwanzo, kwa kufuata mikwaruzo aliyoacha Fuad, na kila moja akaiwekea nukta ya rangi ya kucha, nyekundu, ili hata akipotea ajue njia ya kurudi. Kitambaa chake kibovu kilikuwa kilima kidogo cha mchanga nyuma ya nyumba za reli, mahali pasipopita watu. Alichaji betri zikajaa kwanza, kila mara, kwa sababu betri iliyochoka hudanganya: unadhani skrubu ndiyo mbaya, kumbe ni njaa. Kisha anageuza skrubu moja, unywele tu, anapanda kilima, anashuka, anainama na kuweka kiganja juu ya mota, halafu juu ya kisanduku. Kiganja kikikaa bila kuungua, sawa. Kisipoweza kukaa, anarudisha nyuma na kungoja vipoe. Mimi nilikaa kando, nimekatazwa kusogea. Niliwahi kunyoosha mkono siku moja baiskeli ilipoteleza, akanitazama, nikauficha mkono mgongoni.

Kilichomshangaza Fuad ni kwamba mwendo aliupunguza, chini hata ya walivyoupunguza wale wa shirika. Alimuuliza kama ana wazimu.

"Mimi sikimbizwi na mtu," Saadiya alimwambia. "Nataka kupanda."

Kuondoka nako akakufanya kwa pole, maana gurudumu likirupuka kwenye mchanga huchimba shimo likajizika. Akatoa upepo kidogo kwenye tairi zikalala vizuri. Nguvu ndiyo peke yake aliyoiongeza, na hiyo kwa woga. Siku moja aliipita kiasi. Baiskeli ilikipanda kile kilima kama barabara ya lami, tukashangilia, kisha akaweka kiganja kwenye kisanduku akakiondoa haraka, na kulikuwa na harufu kama ya pasi iliyosahauliwa juu ya nguo. Alirudisha skrubu nyuma, akaweka nukta nyingine pale iliposhikilia bila kuchoma, na hakuipita tena. Aliniambia mashine ina mahali ambapo inakukubalia unachotaka huku inajiumiza, na usipoweka mkono huwezi kujua.

Jambo moja la maana Fuad alitufundisha, na ninamshukuru kwa hilo tu. Alichomoa waya za mota, akazifunga kwenye balbu ya tochi, akazungusha gurudumu kwa mkono. Balbu ikawaka. Mota ikizungushwa kwa nguvu, alisema, nayo hutoa umeme, na umeme huo hurudi kwenye kisanduku. Ukiizungusha polepole hakuna neno. Ukiizungusha kwa kasi kuliko ilivyopangiwa, na ufunguo umezimwa kwa hivyo umeme hauna njia ya kuingia betri, zile transista ndani, vipande vidogo vinavyopitisha na kukata umeme, zitapasuka. Ndiyo maana kulikuwa na kishikio karibu na ekseli, ukikivuta mota inaachana na gurudumu, na hapo baiskeli inaweza kusukumwa hata Taveta.

Saadiya alizunguka mtaa mzima kuwaambia watu. Msinisukume. Mkiona hamna budi, niulizeni kwanza, nivute kishikio. Alimwambia Katuku wa mboga, aliwaambia wachukuzi wa sokoni, na alimwambia Mwandawiro yeye mwenyewe, ana kwa ana, mara mbili. Mwandawiro aliitikia sawa mama, sawa mama, huku anatafuna muwa.

Lazima nimweleze Mwandawiro, maana bila yeye hakuna hadithi. Alikuwa mchukuzi mkubwa pale sokoni, mtu wa Mghange, mabega mapana na moyo mwema, na sifa yake ilikuwa kwamba hajawahi kuacha gari limekwama. Lori lisilowaka, pikapu ya betri mbovu, teksi ya marehemu nani, Mwandawiro huwaita wenzake, wakaweka mabega, wakakimbia, dereva akaingiza gia, injini ikakohoa ikashika. Watu walimpigia makofi. Voi hapa ilikuwa hivyo miaka ile, nusu ya magari yaliwashwa kwa mabega. Sijui kama kuna siku alimuuliza dereva kwanza.

Siku yenyewe ilikuwa ya soko. Saadiya alivaa buibui jipya, akafunga mkasi na futi ya kupimia ndani ya leso, akaiweka mapajani. Cherehani ningempelekea baadaye kwa mkokoteni. Bi Firdaus alisimama mlangoni akisoma dua bila sauti. Niliambiwa nikae nyuma, mbali, na nilikaa, furushi langu la mitumba ya kuuza sokoni kichwani.

Alilipanda tuta. Nataka nilisimulie polepole kwa sababu nililiona kwa macho yangu. Baiskeli iliingia kwenye mchanga kwa mwendo wa mzee anayetoka msikitini, haikuharakisha, haikurupuka. Pale ilipokuwa ikizima zamani, ilipita. Alikata kona kidogo upande huu, kidogo upande ule, akiufuata mchanga mgumu aliokuwa ameuchunguza kwa macho wiki nzima, na mota ikivuma sauti moja tu. Mimi nilikuwa nalia na sijui kwa nini, maana hakukuwa na jambo la kulia. Alifika juu, karibu na vyuma vya reli. Akasimama. Akainama akaweka kiganja kwenye mota, kama kawaida yake, aipumzishe kabla ya kuvuka, na akageuka kutazama kama treni inakuja. Kutoka pale hadi kibandani ni mteremko mtupu. Alikuwa ameshafika.

Upande wa pili wa reli, Mwandawiro na wenzake walikuwa wametoka tu kuwasha lori la makaa. Walikuwa bado wanahema na kucheka. Waliinua macho wakamwona Saadiya amesimama juu ya tuta, ameinama.

"Imezima," Mwandawiro alisema. "Twendeni tuwashe hii kitu."

Walikuja mbio. Nilipiga kelele kutoka chini, na sauti yangu ikaishia kwenye honi ya lori. Saadiya aliwaona wakiwa tayari wameshika kiti. Aliwaambia acheni, na walidhani anaogopa. Walimvusha vyuma wakamwelekeza kwenye mteremko wakakimbia naye kwa nguvu zao zote, wanaume watatu wazima, mmoja anaimba, na Mwandawiro akimwambia mama, weka gia, weka gia, iko karibu kushika. Baiskeli ile haikuwa na gia. Alivuta breki, wakadhani imekaza, wakaongeza nguvu. Kishikio kilikuwa nyuma chini na mkono wake haukufika kwa ile mirusho. Mwishowe alifanya ambalo yeyote angelifanya, alizima ufunguo, na umeme wa mota ukakosa njia.

Kisanduku kilipiga mlio mdogo tu, kama kibiriti. Kisha moshi.

Waliacha kusukuma pale katikati ya mteremko. Nilipofika nilimpiga Mwandawiro mgongoni kwa furushi la mitumba, mara nyingi kadiri nilivyoweza, na hakujikinga. Alikuwa anautazama moshi kwa mshangao wa kweli. Alisema walitaka tu kusaidia. Alisema sasa si angesema. Watu walikusanyika, kila mmoja na lake. Mmoja alisema ni zile skrubu, alizichezea mwenyewe, mwanamke na umeme wapi na wapi. Mwingine alisema maskini. Fuad alikuja kubadilisha zile transista miezi mingi baadaye, na akazikuta skrubu ziko kwenye nukta zake, hazina kosa lolote, na baiskeli ikatembea miaka. Lakini hilo ni baadaye. Siku ile ilikuwa imekufa na kila mtu alikuwa na hakika Saadiya ameiua mwenyewe.

Amin alifika kutoka kibandani, vumbi la vitunguu mikononi. Hakumgombeza. Heri angemgombeza. Aliongea kwa upole, akasema amejaribu, kila mtu ameona amejaribu, sasa warudi nyumbani mama asije akapata presha, na akaenda nyuma ya kiti akaweka mikono yake miwili pale pale alipozoea kuiweka.

"Ondoa mikono," Saadiya alisema.

Aliondoa.

"Ajiambo, nipe kandambili zako."

Nilizivua nikampa. Nilijua anachotaka na sikuamini. Alizivaa viganjani, akakaza buibui kiunoni kwa leso, akajishusha kutoka kwenye kiti hadi chini, mbele ya soko zima. Bi Firdaus hakuwepo, namshukuru Mungu, au labda ingefaa awepo. Kuna mama aliyeguna akafunika macho ya mtoto wake. Halafu Saadiya akaanza kwenda, na hakwenda sokoni. Alipanda. Alirudi juu ya tuta.

Watu walidhani anakimbilia nyumbani kwa aibu, wakampisha. Alipanda kwenye kokoto na makaa yaliyomwagika, mkono, mkono, mwili ukifuata, hadi kwenye vyuma, akavuka, akafika mahali baiskeli ilipokuwa imesimama walipoishika. Alama za tairi zilikuwa bado kwenye mchanga. Aliziwekea kiganja juu. Kisha akageuka, akaanza tena kuja, kutoka pale.

Hapo ndipo kila mtu alielewa kwamba anairudia mwenyewe ile njia aliyosukumwa. Amin alitembea pembeni yake, ameinama, akinong'ona kwamba watu wanatazama.

"Waache watazame."

Kwenye sehemu ya mteremko yenye kokoto kali, kandambili moja ilikatika mkanda. Aliendelea na kiganja kitupu. Mwandawiro hakuweza kuvumilia. Machozi yalikuwa yanamtoka, mtu mzima yule, na alitoka kwenye kundi ameinama, mikono ameinyoosha tayari kumwinua.

"Ukinigusa nitakuuma," Saadiya alimwambia. Hakuinua sauti. Mwandawiro alirudi nyuma, akaificha mikono kwapani kana kwamba imeshika moto.

Alipita baiskeli yake bila kuitazama. Alipita lori la makaa, alipita mboga za Katuku, na watu wakafungua njia kabla hajafika. Nilitembea nyuma yake miguu mitupu. Buibui jipya lilikuwa limepasuka magotini na kugeuka rangi ya udongo wetu mwekundu, na kiganja kimoja kilikuwa kinaacha damu kwenye mawe. Alifika mlango wa kibanda akaegemea mbao, akahema. Uso wake ulikuwa wa hasira tupu. Anayesema aliona subira pale alikuwa anatazama mtu mwingine.

"Kaka Amin. Ufunguo."

Amin alisema lakini baiskeli imebaki kule.

"Sikukuahidi baiskeli. Ulisema bila mkono wa mtu."

Amin aliwatazama watu, na hakuna aliyemsaidia. Aliingiza mkono mfukoni akatoa ufunguo, akapiga magoti ili amfikie, na nadhani ilikuwa mara ya kwanza maishani mwake kumtazama dada yake macho kwa macho. Alitaka kumfuta damu. Saadiya aliuvuta mkono wake, akaushika ufunguo kwa vidole vilivyobaki safi, akajifungulia kufuli mwenyewe. Harufu ya vitunguu ilitutokea nje. Aliingia, akasukuma gunia moja kando kwa bega, akakaa mlangoni juu ya jingine, akafungua leso na kutoa futi yake na mkasi.

Nje wanawake kadhaa walikuwa wanalia. Mmoja alikuwa anasema jamani, jamani, mtoto wa watu. Saadiya aliwasikiliza kidogo huku akijifunga kitambaa kiganjani kwa meno.

"Mwenye kulia akalie kwake," alisema. "Mwenye nguo ya kushona aingie."

Hakuna aliyesogea. Sketi yangu ilikuwa imefumuka pindo tangu nilipokimbia tutani. Niliweka furushi chini nikaingia, na akanikemea nisimame sawasawa ili anipime.